Klia laini au ngumu, gari jeusi au jeupe: polishi itatoka vipi?

Magari mawili yameoshwa kwa muda mrefu kwa taulo lile lile lililoshika mchanga. Moja jeusi, jingine jeupe. Yatoe juani: jeusi limejaa vijiduara vya mikwaruzo kila mahali jua linapopiga boneti, na jeupe utadhani halijawahi kuguswa. Mwenye jeupe atajisifu kwamba rangi yake ni ngumu. Mwenye jeusi atalalamika kwamba nyeusi ni rangi dhaifu. Na huenda mambo ni kinyume kabisa: jeusi ndilo lenye klia ngumu, jeupe ndilo laini, ila macho hayawezi kuwaambia.

Klia ni tabaka la juu, lile la wazi lisilo na rangi yoyote. Chini yake ndiko iliko rangi yenyewe, kisha praima, kisha bati. Gari likitoka kiwandani, klia yake mara nyingi huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, na matabaka yote kwa pamoja huwa kati ya mikroni 100 na 180. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja, kwa hiyo ujue unachezea kitu chembamba kiasi gani. Mashine ya polishi inapopita, inachokula ni klia, na klia ya gari jeusi inaweza kuwa ile ile iliyopuliziwa jeupe siku hiyo hiyo kwenye kiwanda kimoja.

Kwa hiyo ninapochagua vifaa huwa nayatenga maswali mawili. Ugumu wa klia ndio unaoamua pedi, polishi na mashine. Rangi inaamua niishie wapi, yaani kazi iwe safi kiasi gani kabla mwenye gari hajaridhika. Fundi anayeyachanganya haya huishia kuikwangua sana klia ya gari jeupe bila faida, au kulirudisha gari jeusi likiwa na ukungu.

Laini na ngumu zikikutana na mashine

Klia laini hukufurahisha mwanzoni. Pedi ya sponji ya ugumu wa kati na polishi ya kati zinapita mara tatu au nne, na vile vijiduara vya kuoshea vimekwisha. Taabu inaanza hapo unapodhani umemaliza. Chochote chenye nguvu ya kuondoa mkwaruzo kwenye klia laini kina nguvu pia ya kuacha alama zake. Chembe za kampaundi, ile polishi kali ya kukata, yaani kuondoa mikwaruzo, zinaacha ukungu wa kijivu. Pedi iliyochafuka inaacha mikwaruzo midogo iliyosambaa. Hata taulo linaacha alama: unafuta mabaki ya polishi kwa maikrofaiba safi, unainua tochi ya LED, na pale mkono ulipopita pana mistari myembamba, imenyooka, inaelekea upande ule ule uliofutia. Usiisingizie mashine. Mikwaruzo ya mashine huja kwa duara au kwa viupinde vifupi. Iliyonyooka ni ya mkono.

Baadhi ya klia laini zina tabia nyingine inayochosha, kunata. Bodi ikipata joto, polishi inageuka utomvu, inajikusanya kuwa vijidonge na kung'ang'ania palepale. Ukisugua kwa nguvu uitoe, umeshakwaruza upya. Dawa yake ni kupunguza kiasi cha polishi, kufanya kipande kidogo kwa wakati, kusafisha pedi kila baada ya kipande, na kuiacha bodi ipoe kabla ya kufuta.

Klia ngumu inakuvunja moyo mwanzoni. Unapitisha polishi ya kati, unafuta, bodi inang'aa vizuri na mikwaruzo yote iko palepale. Hapo ndipo pedi ya sufu au ya maikrofaiba inapohitajika, pamoja na kampaundi yenye ukali, na mkono unaokwenda polepole. Kipande kimoja kinaweza kula muda ambao kwenye klia laini ungemaliza mlango mzima. Lakini angalia kinachofuata: ukishaikata, hatua ya kumalizia ni nyepesi. Polishi laini na sponji laini, mara moja, na mara nyingi ukungu wote umeondoka. Klia ngumu haichukui alama kirahisi, na huo ndio ubishi wake ule ule ukigeuka kukusaidia.

Watu wengi wanaoanza hutamani klia laini kwa sababu mikwaruzo inatoka upesi. Mimi naona wanapima kwa kipimo kibovu. Kwenye ngumu unalipa kwa muda na jasho, lakini unajua utafika wapi. Kwenye laini nusu ya kwanza ya kazi ni ya bure na nusu ya pili inaweza isiishe, hasa gari likiwa jeusi.

Hatari nazo hazifanani. Kwenye laini unaweza kuondoa mikroni nyingi kuliko ulivyokusudia kwa sababu ya wepesi wake. Kwenye ngumu hatari ni hasira: unakandamiza mashine, unaongeza kasi, joto linapanda, na ukifika kwenye ukingo wa mlango au mkunjo wa boneti, ambako klia huwa nyembamba, unaitoboa. Bampa za plastiki ni mbaya zaidi kwa hili, kwa kuwa plastiki haitawanyi joto kama bati.

Nembo ya gari haitoshi

Utasikia kila mahali kwamba magari ya Kijapani yana klia laini na ya Kijerumani yana ngumu. Kuna ukweli ndani yake. Subaru, Honda na Mazda hutajwa mara nyingi upande wa laini. Audi, Volkswagen na Mercedes-Benz upande wa ngumu. Mercedes-Benz ilianza kutumia klia yenye chembechembe ndogo mno za seramiki mwishoni mwa mwaka 2003, mahsusi ili ihimili mikwaruzo ya mashine za kuoshea magari. Nissan ilikwenda njia tofauti: mwaka 2005 ilitangaza klia inayonyumbuka, ambayo mikwaruzo midogo hujifunga yenyewe baada ya muda. Hizo ni kampuni mbili za kuunda magari, zenye shida moja, na kila moja ikalijibu swali la mikwaruzo kwa namna yake.

Ila kampuni moja ina viwanda vingi, kila kiwanda kinaweza kununua klia kwa muuzaji tofauti, na mapishi hubadilika mwaka hadi mwaka. Nembo ikupe dokezo tu.

Jambo linaloharibu kabisa kanuni ya nembo ni bodi iliyorudiwa rangi. Kiwandani klia huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, wakati gari bado ni bodi tupu. Gereji haiwezi kufanya hivyo kwa gari lenye nyaya, viti na plastiki, kwa hiyo hutumia klia inayochanganywa na kikazio na kuipasha joto la nyuzi 60 hivi, au kuiacha ikauke hewani. Matokeo yake gari moja linaweza kuwa na boneti ngumu na mlango laini, rangi ni ile ile na mwenye gari hana habari. Kipimo cha unene wa rangi kitakuonyesha: ukisoma mikroni 120 kila mahali halafu mlango mmoja unakupa 260, huo umeshapita gereji. Ukiwa umepakwa karibuni, uache wiki kadhaa kabla ya kuupiga polishi, kwa sababu bado unaendelea kukauka kwa ndani na utakuwa laini kuliko utakavyokuwa baadaye.

Na kuhusu ile 9H inayoandikwa kwenye chupa za seramiki, yaani dawa ya kupakwa juu ya klia ili kuikinga, ni daraja la penseli. Kuna jaribio ambalo penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya rangi ili kuona ipi itaikwaruza. Lina manufaa maabara, lakini halikuambii kampaundi yako itafanya nini, maana klia mbili za daraja moja la penseli zinaweza kuwa na mnyumbuko tofauti kabisa chini ya pedi.

Rangi inavyoonyesha na inavyoficha

Mkwaruzo hauna rangi. Ni mfereji mdogo kwenye klia, na kuta zake zinarusha mwanga kwenda upande usiotarajiwa. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoifikia, hivyo mwanga pekee unaorudi machoni ni ule wa uso wa klia. Kuta za mkwaruzo zikirusha mwanga juu ya giza hilo, unauona papo hapo. Rangi nyeupe inarudisha mwanga mwingi kila upande, na ule mdogo wa mkwaruzo unamezwa humo. Mikwaruzo ni mingi sawasawa. Kilichobadilika ni pazia nyuma yake.

Fedha na kijivu cha metaliki huficha kwa njia nyingine. Ndani yake kuna vipande vidogo vya alumini vinavyometameta tayari, kwa hiyo jicho haliwezi kutenga mmeto wa mkwaruzo na wa chembe. Bluu iliyokolea, kijani kilichokolea na nyekundu ya damu ya mzee huwa karibu na nyeusi. Nyekundu iliyowaka hukaa katikati.

Nyeupe nayo ina yake inayoyafichua. Vidoti vya kutu kutoka vumbi la breki, madoa ya lami, na ule umanjano wa uchafu ulioganda huonekana kwenye jeupe kutoka mbali, wakati kwenye jeusi huwezi kuviona bila tochi. Mwenye gari jeupe akisema gari limechoka, mara nyingi analolilalamikia halitibiwi kwa mashine ya polishi. Linatibiwa kwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma na udongo wa kusafishia rangi, yaani kinata laini kinachopitishwa juu ya bodi kung'oa uchafu ulioganda. Nimeona kazi za polishi za hatua mbili kwenye magari meupe ambazo tofauti yote aliyoisifia mteja ilitoka kwenye udongo ule wa mwanzo.

Mng'ao pia haulipi sawa. Jeusi lililosafishwa vizuri linapata kina, taswira ya mtu inaonekana imezama ndani ya bodi. Jeupe linapata ukali wa taswira kwenye kingo za taa na mistari ya mwili, basi. Rangi za metaliki na lulu hupata kitu cha tatu, chembe zake zinaamka na kumeta upya.

Joto nalo linafuata rangi. Boneti nyeusi iliyosimama juani hupata moto kuliko nyeupe kwa kiasi unachokihisi kwa kiganja, na polishi juu yake hukauka kabla haijafanya kazi. Yote mawili yafanyie kivulini, lakini kwa jeusi usibishane na hilo.

Magari ya rangi isiyong'aa, zile za mati, hayahusiki na chochote humu. Pedi ikipita pale inaacha baka linalong'aa, na baka hilo haliondoki bila kupaka upya.

Michanganyiko minne

Jeusi lenye klia laini ndilo linalotesa kuliko yote. Kila alama inaonekana, na kila unachofanya kinaacha alama. Hapa tumia muda mfupi kwenye kukata na mrefu kwenye kumalizia. Hatua ya mwisho iwe na sponji laini kabisa, polishi ya chembe ndogo kuliko zote ulizonazo, kasi ya chini, na mashine ikae kwa uzito wake yenyewe mkono ukiiongoza tu. Badilisha pedi kabla haijajaa. Taulo liwe la manyoya marefu, na upulizie maji ya kufutia kabla ya kufuta kikavu. Mwambie mwenye gari mapema kwamba mikwaruzo iliyozama itabaki, kwa sababu ukiifuata yote utakula klia ambayo haitarudi. Halafu mfundishe kuosha, la sivyo baada ya kuoshwa mara chache mtarudi mlipotoka.

Jeusi lenye klia ngumu ni kazi ndefu, lakini ningepewa nichague moja kati ya haya manne ningelichukua hili. Sufu au maikrofaiba na kampaundi kwanza, kisha sponji na polishi ya kumalizia. Ukimaliza, linabaki vile kwa muda mrefu kuliko lile laini, kwa sababu taulo la kawaida halipati pa kushika.

Jeupe lenye klia laini ni rahisi. Polishi moja inayokata na kumalizia, sponji ya kati, na kazi imeisha. Tahadhari ni moja: ukungu ulioacha hauonekani, nawe utauacha. Weka tochi kwa pembe ya ulalo na utazame ukingo wa taswira ya taa yenyewe. Ukiwa na ukungu, ukingo huo unafifia kama umepakwa mafuta.

Jeupe lenye klia ngumu ndilo linalopotezewa klia bila sababu. Fundi anatumia saa nyingi za sufu na kampaundi kuondoa mikwaruzo ambayo mwenye gari hajawahi kuiona na hataiona. Ningesafisha kwa udongo, nikapita hatua moja ya polishi ya kati, nikaweka nta au silanti (kinga ya kutengenezwa inayofanya kazi ya nta), nikaacha. Ndani ya klia mna vizuia miale ya jua, na kila mikroni unayoiondoa inaondoka na sehemu ya kinga hiyo. Klia iliyokondeshwa mno huanza kuchubuka kama maganda baada ya miaka ya jua, kuanzia paani na kwenye boneti. Hasara ya namna hiyo kwa uzuri usioonekana haina maana.

Fedha na kijivu cha mwanga viweke pamoja na jeupe, ila upite polishi kwa uangalifu zaidi kidogo kwa ajili ya ule mmeto wa chembe.

Mashine ipi

Mashine inayozunguka tu, kama grainda, inakata haraka na inazalisha joto. Ile inayozunguka huku ikitikisika inakata polepole, na kwa sababu pedi hairudii njia ile ile haiachi alama nyingi. Juu ya klia ngumu, ya kwanza yenye pedi ya sufu huokoa muda mwingi, mradi ya pili ifuate kusafisha. Juu ya klia laini nyeusi, ya kwanza ni balaa: inaacha hologramu, ile mikia ya mwanga inayocheza juani kila unapohama hatua moja, hata bodi ikiwa imeonekana safi gerejini. Juu ya jeupe hologramu hizo zipo pia, ila utahangaika kuziona.

Kama una uwezo wa mashine moja tu, nunua ya kutikisika. Kwa klia ngumu uiongezee pedi ya maikrofaiba na uvumilivu.

Jaribu kwanza kipande kidogo

Yote haya hayana thamani mpaka ujue klia iliyo mbele yako ni ya aina gani, na njia ya kujua ni moja: kuipiga. Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti au mlango, kioshe, kipitishe udongo, ukigawe kwa tepu ya karatasi. Nusu moja iache kama ilivyo. Nusu nyingine ianze na silaha dhaifu kuliko zote ulizonazo, sponji laini na polishi laini, mipito minne ya polepole. Mikwaruzo mingi ikiwa imetoka, hiyo ni laini, na umeshapata njia yako ya kazi. Ikiwa haijatikisika, panda ngazi moja: polishi ya kati, kisha sponji ngumu zaidi, kisha maikrofaiba, sufu mwisho. Ukifika kwenye sufu na kampaundi ndipo mikwaruzo inaanza kulegea, unajua uko kwenye ngumu.

Kabla ya kuhukumu, futa kwa mchanganyiko wa maji na spiriti. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaa kwenye mikwaruzo na kuificha, na ni rahisi kusifia kazi ambayo itafumuka gari likioshwa mara ya pili. Kwenye jeusi laini hata kufuta huku kufanyike kwa maji mengi na mkono mwepesi. Kisha tazama kwa taa mbili: tochi ya LED kwa karibu, na jua lenyewe. Tochi inaonyesha mikwaruzo ya moja kwa moja. Hologramu hupenda jua. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake uache, huo umeshashuka mno.

Rudia jaribio dogo kwenye bodi yoyote ambayo kipimo cha unene kimekupa namba ya ajabu.

Rangi isiyo na klia

Magari mengi ya zamani, na baadhi ya magari ya karibuni zaidi yenye nyeupe au nyeusi isiyo na metaliki, hayana klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo tabaka la juu. Hapa ule utengano niliouanza nao unavunjika, kwa sababu kinachosuguliwa ni rangi, na viungo vyake vinaingia kwenye ugumu. Nyeupe ina titani dioksidi nyingi na mara nyingi huwa ngumu, hugeuka unga wa chaki inapozeeka. Nyeusi za aina hii mara nyingi huwa laini. Nyekundu hupauka kuelekea waridi, na polishi huirudisha kwa namna ya kushangaza kwa kuondoa ngozi iliyokufa juu.

Kuitambua ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi, sugua pembeni mahali palipooshwa vizuri. Kitambaa kikitoka chekundu kwenye gari jekundu, hakuna klia. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi. Kwa jeusi usiidanganye nafsi yako kwa kijivu cha uchafu, osha tena kisha urudie. Na pedi itabadilika rangi kazi ikianza. Hilo ni la kawaida, osha pedi mara kwa mara na usimame mara tu mpauko unapoisha, kwani chini ya hapo kinachofuata ni praima.